Nasaba ya kipimo: kutoka mizani ya Kibaigwa hadi kwenye kwantamu

Muhula uliopita, katika maabara ya fizikia ya shule ninayofundisha hapa Dodoma, niliwapa wanafunzi wa kidato cha tatu zoezi ambalo nililiona jepesi kuliko yote yaliyomo katika muhtasari: kupima volti za betri moja ya tochi. Mezani palikuwa na multimita tatu, mbili za zamani na moja mpya iliyonunuliwa siku chache kabla. Ya kwanza ilisoma 1.52, ya pili 1.47, na ile mpya 1.58. Tulibadilisha nyaya, tukasugua ncha za betri kwa kipande cha msasa, tukarudia. Namba zikabaki vilevile, kila chombo kikishikilia neno lake. Binti mmoja wa dawati la mbele, mwenye tabia ya kuuliza swali gumu wakati kengele inakaribia kulia, akasema: "Mwalimu, sasa tuandike ipi?" Nikamjibu kwamba tuchukue wastani. Jibu hilo limenikera tangu siku ile, kwa sababu mashahidi watatu wakipingana mahakamani, hakimu hajumlishi maneno yao akayagawanya kwa tatu.

Aibu yangu ilizidi kwa kuwa mimi ni mtoto wa fundi mizani. Baba alitengeneza mizani kwa miaka mingi katika vijiji vya Wilaya ya Kongwa na katika soko la nafaka la Kibaigwa, lile lililo kando ya barabara kuu ya Dodoma kwenda Morogoro, ambako msimu wa mavuno malori ya mahindi hujipanga mchana na usiku. Chini ya kitanda chake palikuwa na sanduku la mbao lenye vishimo vilivyotandikwa kitambaa cha kijani, na katika kila kishimo jiwe la mizani la shaba: kilo moja, gramu 500, gramu 200 mbili, gramu 100, na kushuka hivyo hadi vile vibati vyembamba vya miligramu ambavyo upepo wa mlangoni ungeweza kuvipeperusha. Sisi watoto hatukuruhusiwa kuyagusa. Yeye mwenyewe aliyashika kwa koleo ndogo, na tulipomuuliza sababu alitujibu: "Mafuta ya vidole nayo yana uzito, wanangu." Tulidhani mzee anajikweza.

Kila mwaka alilipakata sanduku lile kwenye basi kama mtoto mchanga, akalipeleka kwa watu wa Vipimo ili mawe yake yalinganishwe na mawe yao. Mawe yao nayo yalikuwa yamelinganishwa na mengine bora zaidi, na hayo na mengine tena, ngazi kwa ngazi. Wataalamu wa metrolojia, yaani sayansi ya vipimo, huuita utaratibu huo mnyororo usiokatika wa ulinganisho. Mimi napenda kuuita nasaba, kwa kuwa kipimo cha haki ni kile kinachoweza kumtaja baba yake, na babu yake, na aliyemzaa babu. Lumbesa, lile gunia linaloshonewa kilemba juu ili mnunuzi apate debe la bure, ni kipimo kisicho na baba, na ndiyo maana mkulima hana pa kukishtaki akisimama nacho peke yake sokoni. Multimita zangu tatu nazo, nilivyokuja kutambua, zilikuwa mayatima.

Hapa nchini kazi ya nasaba hiyo imegawanywa. Wakala wa Vipimo, ulioundwa mwaka 2002, unasimamia Sheria ya Vipimo na ndio unaohakiki mizani za sokoni, pampu za mafuta na magari yanayobeba mafuta, na kubandika stika ambayo wateja wengi hawaiangalii. Shirika la Viwango Tanzania, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975, ndilo lenye maabara ya taifa ya ugezi, mahali ambapo chombo hupimwa kwa chombo kinachokizidi na kupewa cheti kinachoeleza kinakosea kiasi gani. Karibu kila nchi ina taasisi ya namna hiyo: Afrika Kusini wana NMISA mjini Pretoria, Uingereza wana NPL huko Teddington, Ujerumani wana PTB huko Braunschweig, na Marekani wana NIST. Ni ofisi ambazo mwananchi hazioni, kama asivyoiona misingi ya nyumba aliyopanga.

Je, nasaba ya kilo ya baba iliishia wapi? Hadi tarehe 20 Mei 2019 iliishia katika chumba kimoja cha chini huko Sèvres, kando ya Paris, ambako Ofisi ya Kimataifa ya Vipimo na Mizani ilihifadhi kipande cha platini iliyochanganywa na iridiamu, chenye kimo cha milimita 39 na kipenyo cha milimita 39. Ofisi yenyewe ilizaliwa na Mkataba wa Mita, uliotiwa saini na nchi 17 tarehe 20 Mei 1875. Mwaka 1889 kipande hicho kilitangazwa kuwa kilo. Si mfano wa kilo, bali kilo yenyewe. Nchi zilipewa nakala, na kila baada ya miongo kadhaa nakala hizo zilirudishwa kwa mzazi kulinganishwa, zikishikwa kwa koleo na bila kuguswa kwa mkono, sawasawa na mawe ya Kibaigwa. Ikaonekana kwamba katika muda wa miaka 100 hivi nakala na mzazi zilikuwa zimeachana kwa takriban mikrogramu 50. Ni karibu sawa na alama ya kidole, yale yale mafuta aliyokuwa akiyasema baba. Wala haikuwezekana kusema kama ni watoto walionenepa au ni mzazi aliyekonda, kwa sababu kwa kanuni iliyokuwapo mzazi hakuweza kukosea: angepoteza nusu ya uzito wake, ulimwengu wote ndio ungehesabiwa kuwa umeongezeka.

Njia ya kutokea ilipatikana kwenye kwantamu, yaani fizikia ya mafungu madogo kabisa ya nishati na maada. Watu wengi wanaposikia neno hilo hufikiria kompyuta za ajabu au miujiza ya wauza dawa mitandaoni, ilhali kwantamu na ofisi za vipimo ni ndugu wa damu tangu siku ya kwanza.

Mwaka 1887 Ujerumani ilifungua mjini Berlin taasisi ya fizikia na ufundi, kwa msukumo wa mwenye viwanda Werner von Siemens, na rais wake wa kwanza akawa Hermann von Helmholtz. Taasisi hiyo ndiyo mama wa PTB ya leo. Zilikuwa zama za taa za gesi kushindana na taa za umeme, na viwanda vilihitaji kipimo cha haki cha mwanga ili muuzaji asimpunje mnunuzi. Otto Lummer, Ernst Pringsheim, Heinrich Rubens na Ferdinand Kurlbaum, wakifanya kazi humo, walipima mng'ao unaotoka katika chombo chenye moto kilichofungwa pande zote na kuachiwa tundu dogo tu, na vipimo vyao vikawa safi kiasi kwamba fomula zilizokuwapo zilishindwa kuvifuata. Mwezi Oktoba 1900 namba hizo zilimfikia mwanafizikia Max Planck. Aliitafuta fomula inayozitosha, akaipata, na tarehe 14 Desemba mwaka huohuo alieleza kwamba inasimama tu endapo nishati hutolewa kwa mafungu, kama mama anayeuza karanga kwa kifuniko na asiyekubali kukuuzia nusu kifuniko. Ukubwa wa kifuniko hicho umefungwa na namba moja, ambayo hadi leo tunaiandika kwa herufi h na kuiita konstanti ya Planck. Ninapowafundisha wanafunzi habari hii sianzi na fomula. Naanza na taa za barabarani, kwa kuwa elimu ya kwantamu ilitoka katika ofisi iliyotumwa kupima taa.

Ilichukua miongo sita kabla ya mtoto, yaani kwantamu, kurudi kumtunza mama, yaani ofisi ya vipimo. Sehemu kubwa ya wakati huo taasisi za taifa zilihifadhi volti ndani ya chupa: seli ya Weston, kioo chenye umbo la herufi H kikiwa na zebaki na kadimi, iliyotoa takriban volti 1.018. Seli hiyo ilichukia joto, ilichukia kutikiswa, na ilizeeka kama kila chenye kemikali ndani yake. Kisha mwaka 1962 Brian Josephson, mwanafunzi wa miaka 22 huko Cambridge, alikokotoa kinachotokea pale metali mbili zilizopozwa hadi kupoteza ukinzani wote wa umeme zinapotenganishwa na utando mwembamba mno wa kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme. Ukiupiga utando huo kwa mawimbi mafupi ya redio, volti zinazojitokeza hazipandi kwa mteremko bali kwa ngazi, na kimo cha kila ngazi hutegemea vitu viwili tu: masafa ya mawimbi, yaani idadi ya mitetemo yake kwa sekunde, na uwiano wa konstanti ya Planck na chaji ya elektroni. Hakitegemei aina ya metali, wala fundi, wala nchi. Kwa hesabu, masafa ya gigahezi 483,597.8 ni volti moja. Maabara hutumia masafa madogo kuliko hayo, mathalani gigahezi 70, na hapo kiungo kimoja hutoa kama mikrovolti 145. Kwa hiyo huungwa kwa mfululizo viungo vipatavyo 7,000 ili kupata volti moja, au 70,000 kupata volti 10, vyote katika kipande kinachotosha kwenye kiganja, kikiwa kimezamishwa katika heli ya kimiminika yenye nyuzijoto 269 chini ya sifuri.

Ukinzani ulifuata. Alfajiri ya tarehe 5 Februari 1980, huko Grenoble, Klaus von Klitzing aliona kwamba tabaka jembamba la elektroni, likipozwa sana na kuwekwa ndani ya sumaku kali, hutoa ukinzani unaoruka kwa ngazi zilizokatwa sawasawa: omu 25,812.807, au nusu yake, au theluthi, au robo. Umbo la kipande na uchafu uliomo ndani yake havibadilishi kitu. Kwa mtu aliyekulia katika nyumba ambamo kila jiwe la mizani lina kasoro yake na kitabu cha kuandikia kasoro hiyo, jambo hilo linashangaza kuliko kompyuta yoyote.

Sasa unganisha hayo mawili na mizani. Mwaka 1975 Bryan Kibble wa NPL alibuni mizani ambayo upande mmoja una jiwe na upande wa pili una koili, yaani waya uliozungushwa, iliyo ndani ya sumaku. Kwanza unapitisha mkondo wa umeme kwenye koili mpaka nguvu yake ilingane na uzito wa jiwe. Halafu unaondoa jiwe, unaisogeza koili kwa kasi unayoijua, na kupima volti zinazozalishwa. Ukizidisha mkondo kwa volti, nguvu ya sumaku, ambayo ni vigumu mno kuipima sawasawa, inajifuta yenyewe katika hesabu, na kinachobaki ni jiwe, mvutano wa dunia, kasi, na umeme. Umeme huo unapimwa kwa ngazi za Josephson na ngazi za von Klitzing, nazo zinaishia kwenye h. Kwa hiyo jiwe limepimwa kwa konstanti ya Planck. Wengine walifika hapohapo kwa njia tofauti kabisa, kwa kuhesabu atomu zilizomo katika tufe la silikoni lenye kilo moja, na njia hizo mbili zilipokubaliana, mkutano wa nchi za Mkataba wa Mita huko Versailles, tarehe 16 Novemba 2018, ukapiga kura. Tangu tarehe 20 Mei 2019 konstanti ya Planck ni 6.62607015 × 10⁻³⁴ kamili, bila salio, na kilo ni chochote kile kinachotoka humo. Kipande cha Sèvres kimekuwa jiwe kama mawe mengine.

Baada ya habari hiyo kutangazwa, mwenzangu mmoja ofisini alisema kwamba basi taasisi za vipimo zimekosa kazi, kwa kuwa kilo sasa ni namba na namba kila mtu anayo kwenye simu. Nadhani ni kinyume chake. Namba haipandi basi kwenda Kibaigwa. Ni lazima mtu aishushe: aitoe kwenye karatasi, aipitishe katika koili na heli na leza, aiweke kwenye jiwe la chuma, na kutoka hapo aikabidhi ngazi ya chini yake pamoja na maelezo ya kiasi cha shaka iliyobaki. Zamani nchi maskini na nchi tajiri zote zilikuwa sawa kwa namna moja, kwamba kilo haikuwa kwao, ilikuwa Ufaransa. Leo kilo iko popote penye watu wanaoweza kuitengeneza, na hivyo asiyeweza hawezi kusingizia umbali. Huu ndio uhuru mpya wa vipimo, na kama uhuru mwingine wowote, una gharama zake za uendeshaji.

Tena kazi yenyewe haijatulia. Mashine hizi za kuishusha kilo, ambazo ni chache duniani, bado zinatofautiana kidogo kuliko wataalamu wanavyopenda, na kwa sababu hiyo tangu Februari 2021 kilo inayosambazwa ulimwenguni hutokana na thamani ya makubaliano, inayokokotolewa kutokana na matokeo ya maabara mbalimbali. Niliposoma hivyo nilicheka peke yangu: na wao wamechukua wastani! Lakini tofauti ya wastani wao na wa kwangu ni kubwa. Kila shahidi wao ametangaza mbele ya wenzake, kwa namba, anaweza kukosea kiasi gani, na mwenye shaka kubwa anasikilizwa kidogo. Multimita zangu hazikuwa zimetangaza chochote. Kuaminiana huko kumewekwa hata kwenye maandishi: tangu 1999 taasisi za taifa zina makubaliano ya kutambua vyeti vya kila mmoja, baada ya kupimana hadharani, na huku kwetu taasisi za Afrika hukutana chini ya AFRIMETS, mfumo wa pamoja wa metrolojia wa bara hili.

Mizani ya Kibble inanileta kwenye jambo linalotuhusu sisi wa bara moja kwa moja, nalo ni mvutano wa dunia. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda, dunia hukuvuta kwa nguvu ndogo zaidi. Mizani ya zamani ya baba, yenye jiwe upande mmoja na mzigo upande wa pili, haijali hilo, maana pande zote mbili hupungua pamoja. Lakini mizani ya elektroniki haipimi tungamo. Inapima msukumo wa mzigo juu ya kitako chake. Ukiirekebisha Dar es Salaam, ukaipakia kwenye lori na kuiwasha Dodoma bila kuirekebisha upya, gunia la kilo 100 litasomeka pungufu kwa gramu kama 20 hadi 35. Kwa gunia moja ni konzi ya mahindi. Kwa lori la magunia 300 ni kilo kadhaa, na kwa dhahabu si jambo la kunyamazia. Ndiyo maana fundi mizani mwenye leseni huirekebishia mizani mahali itakapotumika, akiwa na mawe yenye nasaba, na kwa bahati mbaya wapo wauzaji wanaowaambia wateja kwamba mizani ya kisasa "haihitaji fundi."

Urefu huohuo unagusa hata saa. Sekunde ilikuwa ya kwanza kuhamia kwenye atomu: Louis Essen na Jack Parry waliwasha saa ya sesiamu katika NPL mwaka 1955, na mwaka 1967 sekunde ikafafanuliwa kuwa mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomu hiyo. Kwa mujibu wa nadharia ya Einstein, saa iliyo juu hukimbia zaidi kuliko iliyo chini. Nilikaa jioni moja na karatasi, nikapata kwamba saa ya atomu iliyoko Dodoma inapaswa kuitangulia ya Dar es Salaam kwa takriban nanosekunde 10 kila siku, karibu mikrosekunde 4 kwa mwaka. Wanafunzi walilipokea jambo hili kwa furaha kubwa, kama ushahidi wa kisayansi kwamba makao makuu yamehamishiwa mahali panapostahili. Saa mpya zaidi, zinazotumia mwanga na atomu kama za strontiamu, zina usahihi wa kuweza kutambua tofauti ya kimo cha sentimita moja, na taasisi za vipimo zinakusudia kuifafanua upya sekunde kwa saa za aina hiyo katika muongo ujao. Hapo saa itakuwa pia rula ya wapima ardhi.

Kutokana na saa hizo ndipo lilipotoka jambo ambalo magazeti hulipenda zaidi. Ili kujenga saa bora, David Wineland na wenzake wa NIST huko Boulder walijifunza kuishikilia ioni moja, yaani atomu yenye chaji, ndani ya ombwe na kuiamrisha kwa leza, na mwaka 1995 kundi lake lilitumia ioni hiyo kutekeleza hatua ya msingi ya hesabu ya kwantamu. Mwaka 2012 alishiriki Tuzo ya Nobel. Yaani hata kompyuta ya kwantamu ilijifunza kutambaa ndani ya ofisi ya vipimo. Na sasa wauzaji wanapojaa, kila mmoja akidai chombo chake kinatoa fotoni, yaani chembe za mwanga, moja moja au kinatambua sumaku ya moyo, ofisi hizohizo ndizo zinazoulizwa kama ni kweli. Mtu anayekuuzia kifaa cha kuhesabu fotoni ni sawa na anayekuuzia mizani: huwezi kuchukua neno lake kuwa ndicho kipimo.

Upande huu unafika hadi kwenye simu ya mkononi. Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya kwantamu yenye nguvu ya kutosha ingeweza kuvunja baadhi ya kufuli za kihesabu zinazolinda mawasiliano na malipo ya leo. NIST ilianza mwaka 2016 kukusanya kufuli mbadala kutoka kwa wataalamu wa dunia nzima, ikawaachia wajaribu kuzivunja, na Agosti 2024 ikachapisha viwango vitatu vya kwanza. Benki na kampuni za simu za kwetu zitavihitaji, kwa kuwa anayenasa taarifa leo anaweza kuzihifadhi na kuzifungua baadaye.

Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2025 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Sayansi na Teknolojia ya Kwantamu, na tangu hapo nimesikia mara nyingi hoja kwamba Tanzania nayo inunue kompyuta ya kwantamu ili isiachwe nyuma. Mimi si wa upande huo. Kabla ya kununua chombo ambacho majibu yake hatuwezi kuyahakiki, ni bora tuwe na watu wanaoweza kupoza kiungo cha Josephson, kusoma volti zake, na kuandika kwa uaminifu shaka iliyobaki. Watu hao hawakai bila kazi wakisubiri kwantamu ifike. Ni haohao watakaohakiki vifaa vya hospitali, mita za umeme, na vyombo vya kupima sumukuvu, jambo ambalo mikoa ya Dodoma na Manyara haiwezi kulisahau baada ya watu kupoteza maisha mwaka 2016 kwa mahindi yenye sumu hiyo. Kikomo cha sumukuvu kwenye mahindi katika Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo. Kiasi hicho hakionekani kwa jicho wala hakionjwi kwa ulimi; kinaonekana kwenye chombo tu, na chombo kisicho na nasaba kinaweza kumwangamiza mkulima au mlaji, kutegemea kimekosea upande gani.

Jambo jingine hunichekesha kidogo. Mwaka 2016 huohuo ilitangazwa kwamba chini ya Bonde la Rukwa kuna heli, gesi ileile ambayo vyombo vingi vya kwantamu haviwezi kufanya kazi bila baridi yake. Itakuwa ajabu siku moja tukisafirisha heli yetu kwenda kupoza volti za wenzetu, kisha tukasafirisha voltimita zetu kuzifuata.

Kuhusu multimita zangu: niliipeleka ile mpya kwa ugezi, kwa kuwa ndiyo niliyoiamini zaidi. Ilirudi na stika ubavuni na cheti cha kurasa mbili. Cheti kilisema kwamba katika volti 1.5 chombo hiki husoma zaidi kwa volti 0.06, na kwamba shaka ya neno hilo ni volti 0.005. Kwa hiyo ile 1.58 ya siku ile ilikuwa 1.52, sawa na multimita kongwe yenye kioo kilichopasuka, ambayo nilikuwa nimekusudia kuitupa. Nilikisoma cheti mbele ya darasa na kuwaeleza kila mstari. Binti wa dawati la mbele alinyoosha mkono, zikiwa zimebaki dakika tano: "Mwalimu, na hicho chombo kilichopima multimita yetu, chenyewe kilipimwa na nani?"

Nilichora betri chini kabisa ya ubao, nikaanza kupanda. Kengele ilipolia nilikuwa sijafika hata kwenye seli ya Weston, na hakuna aliyefunga daftari.